Kibao cha Selina

Mama yake Semeni alikuwa fundi cherehani, na kama mafundi wengi alikuwa na mazoea ya kubana pini midomoni wakati wa kazi. Waliompita barazani walidhani ni mtu mkimya. Hakuwa mkimya. Maneno yalikuwepo, ila yalikuwa yakisubiri pini zitoke.

Alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila kupata mtoto, na mawifi zake, wakiongozwa na mkubwa wao, wakasema hazai. Alipopata mimba wakasema si ya kaka yetu. Mtoto akazaliwa wa kike, ana masikio ya baba yake yale yale, yametokeza pembeni kama vishikio vya sufuria, na hapo mtu angedhani maneno yamekwisha. Wapi! Wakasema amefanana mno. Mtoto wa Mungu hafanani na baba yake namna hiyo, lazima kuna dawa. Wifi mkubwa alipokuja kumtazama mzazi, aliketi ukingoni mwa kitanda, akamfunua mtoto, akayageuza yale masikio kama mteja anayekagua kitambaa, kisha akauliza, "Haya wifi, mmempa jina gani?"

"Semeni."

"Tuseme nini?"

"Lolote, wifi. Semeni tu, yasije yakawavimbisha tumbo."

Ndivyo jina lilivyopatikana. Majina ya namna hiyo ni mengi, na wanaoyabeba mara nyingi hawana habari nayo. Mtaani kwao palikuwa na Tabu, aliyezaliwa siku za tabu, na ndiye aliyecheka kuliko wote. Mashaka hakuwa na shaka na lolote. Sikujua alijua mambo ya kila nyumba. Jina la kale halimwelezi mtoto. Linawaeleza watu wazima waliokuwa wamesimama mlangoni siku ile alipozaliwa.

Wifi mkubwa, ambaye kwa mtoto ndiye shangazi, hakulisamehe jina hilo. Alisema kila akimwita binti wa kaka yake amtume dukani, anajitukana kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hiyo hakumwita. Alisema "wewe mtoto", baadaye akasema "wewe binti", na Semeni alipokuwa mtu mzima mwenye mkoba na viatu vya ofisini, shangazi akapanda naye hadi "wewe mama".

Shuleni nako jina lilikuwa na mambo yake. Mwalimu akisoma mahudhurio, akifika kwa Semeni, darasa zima linaanza kuongea. Alipata kuja mwalimu mgeni asiyejua utani, akaita "Semeni!" kwa sauti ya kiaskari, wakasema, akawaadhibu wote kwa kosa la kumtii.

Semeni alikua akiyachukulia mambo hayo kama mtu mwenye masikio makubwa anavyoyachukulia masikio yake. Alikuwa nayo, basi.

Kisha akapata kazi katika shirika la maji, ukatibu muhtasi wa meneja. Ofisi ile ilikuwa na ukumbi mmoja wa wateja, benchi refu la mbao lililong'arishwa na suruali za watu, na kioo chenye kitobo kilichotobolewa chini mno, hivyo mtu mwenye malalamiko alilazimika kuyatoa akiwa ameinama. Nyuma ya kioo palikuwa na korido, na mwisho wa korido mlango wa meneja, ambao siku zote ulikuwa nusu wazi. Meneja alipenda kuita. Hakuwa na kengele wala hakutaka simu ya mezani. Alikuwa na sauti, na aliiamini.

Asubuhi ya kwanza alikuwa na wageni, wazee wa mtaa fulani ambao bomba lao lilikuwa limekauka. Walikuwa wameshamaliza kueleza shida yao na meneja ameshamaliza kutikisa kichwa. Akahitaji jalada. Akainua shingo, akaita, "Semeni!"

Wazee wakatazamana. Kisha wote kwa pamoja wakaanza upya, kuanzia siku bomba lilipokohoa mara ya kwanza.

Ikatokea tena kabla ya saa sita, safari hii kwa mkandarasi, ambaye kwa hofu alikiri jambo ambalo meneja hakuwa amemuuliza. Jioni meneja alimwita Semeni kwa kidole.

"Binti, kaa. Jina lako halina ubaya. Lakini si jina, ni amri. Mimi nikikuita, watu wanasema. Ofisi haiwezi kwenda hivyo."

"Sasa bosi, nifanyeje?"

"Pale mlangoni kwako umeona kibao?"

Alikuwa amekiona. Kilikuwa cha mninga, herufi zake za shaba: SELINA. Selina alikuwa katibu aliyestaafu.

"Kibao kile ni kizima," meneja akasema. "Kukibadilisha kuna taratibu zake, kuna kamati, kuna fundi. Kukubadilisha wewe ni rahisi zaidi. Hapa ofisini utakuwa Selina."

Mtu anayeanza kazi hukubali hata kiti kisicho na mgongo. Semeni akakubali. Na haikuwa taabu kubwa kama alivyodhani. Selina alikuwa mwepesi wa kuitika, mwenye sauti ya chini, anayejua bosi anakunywa chai ya namna gani akiwa ametoka kwenye kikao kibaya. Watu walimpenda Selina. Semeni alimchukua getini asubuhi na kumwacha hapo jioni, kama mwavuli. Miaka ikaenda hivyo, hata waliokuja kazini baada yake hawakujua kwamba alipata kuwa na jina jingine. Waliokuwa wakijua walisahau.

Mama yake hakujua lolote hadi siku moja simu ya mkononi ya Semeni ilipozimika, naye akapiga ya ofisini.

"Naomba kuongea na Semeni."

"Tuongee kuhusu nini, mama?" akauliza kijana wa mapokezi.

"Sikwambii wewe useme. Nataka Semeni. Binti yangu."

"Aa. Hapa hayupo mtu wa jina hilo. Tunaye Selina tu."

"Huyo Selina ni wa nani?"

"Wa meneja."

Mama alikata simu. Semeni aliporudi alimkuta na pini midomoni, na hazikutoka jioni ile wala kesho yake. Zilipotoka, alisema kwa utaratibu sana, akipima kola: "Mimi sikuzaa Selina. Huyo akimtafuta mama yake, mwambie asije hapa."

"Mama, ni kibao tu."

"Kibao cha maiti pia ni kibao tu."

"Nikipata cheo nitapata mlango wangu, na mlango mpya hauna kibao. Hapo nitaandika mwenyewe. Nakuahidi."

Mama akarudisha pini. Semeni akalichukua hilo kuwa ni ndiyo.

Cheo kilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Bodi ya shirika ilichoshwa na malalamiko ya wateja, ikaamua kwamba tatizo si maji. Tatizo ni kwamba wateja hawajisikii kusikilizwa. Ikaagiza kampeni, pamoja na dawati jipya la wateja lenye mkuu wake. Meneja akaleta mtaalamu wa mawasiliano, kijana nadhifu mwenye kalamu za rangi nne mfukoni, ambaye kila sentensi yake ilipita kwenye neno "dira". Madereva walimbatiza Dira kabla hajamaliza kuegesha gari.

Dira alijifungia kwenye chumba cha mikutano na karatasi kubwa. Alipotoka, wafanyakazi wote waliitwa. Ukutani palikuwa na bango limefunikwa kwa shuka.

"Ndugu zangu," akasema, "tulihitaji neno moja. Neno la kwetu, la asili, lenye mizizi. Neno linalobeba dira nzima ya ushirikishwaji. Nimelitafuta sana. Na neno hilo," akaivuta shuka, "ni SEMENI!"

"Abee," Semeni akaitika.

Alikuwa ameitika kabla ya kujua. Chumba kizima kikamgeukia, na mhasibu akaanza kucheka kwa pua.

"Samahani," akasema. "Nilidhani naitwa. Ni jina langu."

Uso wa Dira ukachanua. "Mnaona? Mnaona? Dakika moja tu, na tayari mfanyakazi anasema kampeni ni jina lake! Huu ndio umiliki ninaouzungumzia!"

Wakapiga makofi. Semeni alimtazama meneja, na meneja alilitazama bango kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipopata kuliona.

Baadaye alimwita kando. Mkuu wa dawati atakuwa yeye, akasema, hakuna anayewajua wateja zaidi yake. Atatangazwa siku ya uzinduzi, mbele ya mwenyekiti wa bodi.

"Nashukuru, bosi. Na kibao cha mlango mpya, naomba kiandikwe Semeni."

Meneja akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga maji kwenye sakafu kavu. "Selina, hilo sasa haliwezekani kabisa. Zamani lilikuwa jina gumu tu. Leo ni mali ya shirika. Mteja akikuta mlango umeandikwa Semeni, si atadhani ndipo mahali pa kusema?"

"Si ni dawati la malalamiko?"

"Ni dawati la kupokea malalamiko. Kupokea si kusikiliza. Mbona wewe ni mtu mwelewa?" Akateremsha sauti, akawa karibu mpole. "Sikiliza, mama. Siku ile nitakuita jukwaani, Selina. Ukisimama, cheo chako. Kama jina hilo linakukwaza, wapo watu wengine wenye majina ya kawaida."

Semeni alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Mama yake alikuwa akidarizi ukosi wa gauni ambalo angelivaa siku ya uzinduzi, maana alikuwa ameshaalikwa, na shangazi alikuwa amejilaza kitandani upande wa pili wa chumba, amekuja kusalimia tangu asubuhi. Alieleza yote. Pini zikatoka moja moja, zikachomwa kwenye mto mdogo wa sponji.

"Kwa hiyo wamelichukua," mama akasema.

"Wamelichukua."

"Na wewe wakakuambia huna haki nalo."

"Wamesema ni la shirika."

Shangazi akajigeuza. "Mimi sioni ubaya. Selina jina zuri. Halimsemi mtu."

"Wifi, limekugusa wapi hili?"

"Mimi? Mimi nina nini? Nimesema tu kwamba kuna majina ambayo ukiyaita unajisikia kama umesimama mahakamani."

"Basi na utulie, hukumu ilishatoka."

Semeni akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikamfia. "Mama, niambie. Nikatae? Cheo hiki nimekisubiri. Nikikikosa, ni mimi na chai ya bosi hadi nistaafu, na wataleta mwingine wamwite Selina."

Mama yake aliliweka gauni mapajani. Alikuwa na haki ya kulazimisha, lakini hakulazimisha. "Sikwambii uache kula kwa ajili ya jina," akasema. "Nina umri wa kujua njaa ni nini. Nitakuja, nitavaa, nitakaa. Wakikuita Selina ukasimama, nitapiga makofi. Lakini nitapiga makofi ya mgeni, mwanangu, unisamehe. Mtu hawezi kushangilia mtoto asiyemjua."

Maneno hayo Semeni alitembea nayo hadi siku yenyewe.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi wa kukodi. Juu ya jukwaa lilining'inia bango kubwa kuliko mlango wa karakana: SEMENI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Shirika linakusikia. Meza kuu ilipangwa chupa za maji kama askari kwenye gwaride. Bomba la ukumbini lilikuwa limekauka, na kwenye mlango wa choo mtu alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa "Tumia busara".

Wateja walikuja wengi. Walikuwa wametangaziwa mtaani kwa gari la kipaza sauti: njooni, Semeni, njooni, Semeni. Kinyozi alikuja na kichwa kimoja alichokuwa amekiosha nusu maji yalipokatika. Mwenye kichwa alikuwa amekaa kando yake, kama ushahidi, povu likiwa limekauka upande wa kushoto. Mwalimu mstaafu alikuja na fimbo na koo lililosafishwa tayari. Mama wa pacha alikuja na pacha. Wote walikaa wakilitazama bango, midomo ikiwa imejiandaa.

Kwanza akazungumza Dira, kuhusu dira. Kisha akazungumza meneja, kuhusu umuhimu wa wateja kuzungumza. Kisha akazungumza tena Dira, kumshukuru meneja kwa jinsi alivyozungumza. Kwenye ratiba, mwishoni kabisa, palikuwa na mstari: Wateja, kama muda utaruhusu. Katika historia ya shirika lile, muda haukuwahi kuruhusu. Kila mzungumzaji alipokaa, mwalimu mstaafu alinyanyuka nusu, akakuta mwingine ameshasimama, akarudi chini. Mwenyekiti wa bodi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, aliandika andika kwenye karatasi yake, na ukimtazama vizuri ulikuwa unaona kwamba anachora maua.

Semeni alikaa safu ya pili. Nyuma yake, safu ya tano, mama yake alikuwa amevaa lile gauni, mikono imelala mapajani, viganja juu, kama mikono iliyowekwa tayari kwa kazi isiyoipenda. Kando yake shangazi, amejipaka hadi kwenye viwiko.

Meneja akarudi kwenye kipaza sauti. "Na sasa, mheshimiwa mwenyekiti, namwita mbele yenu mkuu wa dawati letu jipya la wateja. Mtumishi mwaminifu. Selina!"

Makofi yakaanza. Semeni alisikia ya watu wengi, na kati yake alisikia jozi moja ya viganja, taratibu, pa, pa, pa, kama mtu anayekung'uta vumbi la chaki. Alijua ni ya nani.

Alikuwa amedhamiria kusimama. Hilo lisemwe, maana baadaye watu walimsifu kwa ushujaa aliokuwa hana. Usiku kucha alikuwa amejiambia atasimama. Aliweka mikono juu ya magoti, akainama mbele kama mtu anayeinuka, na magoti hayakuja. Hakugoma. Alikaa tu, kama mtu anayesikia jirani akiitwa.

"Selina!" meneja akarudia. Makofi yakafifia, yakaisha. Watu wakaanza kuangaliana, kila mtu akimtafuta Selina kwa mwenzake. "Selina wetu ana haya," meneja akasema, akacheka peke yake. "Selina, karibu."

Mwenyekiti akaacha maua yake, akaivaa miwani. "Hayupo?"

"Yupo, mheshimiwa. Yule pale. Yule mwenye kitambaa cha kijani."

"Basi mbona haji? Mwite vizuri."

"Nimemwita, mheshimiwa."

"Umemwita kwa jina lake?"

Meneja hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyezoea mlango nusu wazi. Pale juu hapakuwa na mlango, palikuwa na taa, na mwenyekiti anamtazama juu ya miwani, na jasho linamtafuta shingoni. Alimtazama Semeni, naye Semeni akamtazama. Kisha meneja akafanya kile alichokuwa amejikataza miaka yote. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaita kwa sauti yake ile anayoiamini:

"Semeni!"

Ukumbi ukalipuka.

"Asante sana mwenyekiti!" Mwalimu mstaafu alikuwa wa kwanza kusimama, na safari hii hakuna aliyemuwahi. "Mimi ninayo mambo matano!"

"Kwangu bomba linatoa hewa," mama mmoja akapaza sauti, "na mita inahesabu hewa! Mnatuuzia upepo!"

"Mtazameni huyu!" Kinyozi alikuwa amemsimamisha shahidi wake juu ya kiti. "Hiki kichwa kimekaa hivi tangu juzi! Mke wake amemfukuza!"

"Hajanifukuza, nimeondoka mwenyewe!"

"Si nyinyi!" meneja akapiga kelele. "Sikuwaita nyinyi! Namwita Semeni!"

"Ndiyo, tunasema!"

"Nyamazeni!"

"Amua moja, bwana!" sauti ikatoka nyuma. "Semeni au nyamazeni? Juu umeandika semeni!"

Pacha wakalia wote wawili. Dira alikimbia huku na huko akiinua ratiba, akisema muda haujaruhusu, muda haujaruhusu, lakini muda ulikuwa umeshajiruhusu wenyewe. Na katikati ya kelele hizo magoti ya Semeni yalirudi. Alisimama, akapita kati ya viti, akapanda ngazi za jukwaa, akampokea meneja kipaza sauti kama alivyozoea kumpokea koti.

"Abee, bosi," akasema. "Nimeitika."

Kisha akawageukia watu. "Habari zenu. Naitwa Semeni. Ndilo jina langu, nimepewa na mama yangu yule pale. Naomba mmoja mmoja. Tuanze na mwalimu, alisimama kwanza. Mambo yako matano, mzee, la kwanza ni lipi?"

Watu wakakaa. Haikuwa miujiza. Mtu akijua zamu yake itafika, hukaa.

Mwenyekiti wa bodi alimwinamia meneja. "Kumbe anaitwa hivyo kweli?"

"Anaitwa hivyo, mheshimiwa."

"Na wewe ukapanga akatae kusimama, ukaita, watu wakaitikia bango!" Akavua miwani, machozi yakimlengalenga kwa kucheka. "Nimehudhuria uzinduzi mwingi, bwana meneja. Huu ndio wa kwanza kuniamsha."

Meneja alifungua mdomo. Pembeni yake Dira alikuwa ameshainama kwa unyenyekevu, mkono kifuani. "Ndiyo dira yetu, mheshimiwa," akasema. Meneja akaufunga mdomo, akainama naye.

Waliendelea kusema hadi chupa za meza kuu zikaisha, nyingi zikiwa zimeishia kichwani kwa yule mteja wa kinyozi. Shangazi naye alipanga foleni. Alipofika kwenye kipaza sauti alisema kwamba kuhusu maji hana neno, kwao yanatoka, ila anataka ifahamike mbele ya bodi kwamba yeye hakuwahi kusema mtoto hakufanana na baba yake. Alisema amefanana mno, na hayo ni mambo mawili tofauti. "Asante, shangazi," Semeni akasema. "Tumepokea." Mwenyekiti aliandika.

Mama yake hakupiga makofi tena. Wapiga makofi walikuwa wengi. Yeye aliketi tu, mikono ameikunja kifuani, akimtazama binti yake kama fundi anavyoitazama nguo yake ikipita barabarani mwilini mwa mwenyewe.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alipiga simu kuulizia kibao cha mlango mpya, kama kimeandikwa sawasawa. Kikaandikwa kabla simu haijapoa. Kamati haikukutana, na dunia haikuanguka.

Ila meneja alibaki na shida yake. Alikuwa bado anahitaji majalada, ambayo Semeni peke yake ndiye aliyejua yalipo, naye sasa alikuwa upande wa pili wa kioo, ukumbini, mbele ya benchi la wateja. Kumwita kwa jina hakuthubutu. Alijaribu "Dada!", wakaitika wanawake watatu. Alijaribu "Mkuu!", akaitika mlinzi. Alijaribu kupiga mluzi, akajisikia vibaya. Mwishowe ikambidi afanye jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ateuliwe: ainuke, aifuate korido hadi mwisho, afungue mlango, apite mwenyewe mbele ya benchi.

Mara ya kwanza alishikwa mkono na mama wa pacha, akachelewa kikao. Mara ya pili mwalimu mstaafu alikuwa na jambo la sita. Wafanyakazi walisema bosi amekuwa mtu wa watu. Mwenyewe alisema miguu inamuuma.

Asubuhi moja alifika hadi kwenye dawati bila kushikwa na mtu, jalada tupu mkononi. Semeni alikuwa ameinama akimwonyesha bibi mmoja mahali pa kutia saini. Benchi lilikuwa limejaa. Meneja alikohoa. Akagonga dawati kwa ukucha. Semeni hakusikia. Meneja akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama ile midomo yote iliyokaa foleni, kisha akasema polepole, kama mtu anayefungua bomba asilojua lina nini ndani:

"Semeni."

Hakuna aliyesema neno. Mzee aliyekaa mwisho wa benchi alimgusa jirani yake asogee, bosi apite. Walijua anaitwa mtu.

"Abee," Semeni akaitika, akageuka.

Meneja alisimama pale, jalada mkononi, akiwa amesahau alichokuja kukitaka.